Jua, Nta na Mashua ya Faibaglasi

Wenye mashua wengi, wakiona ubavu wa chombo umepauka kana kwamba umepakwa majivu, huilaumu bahari. Chumvi ina sehemu yake, lakini si mkosaji mkubwa. Mashua ya faibaglasi ikiwekwa uwanjani huko Kitengela katika Kaunti ya Kajiado, zaidi ya kilomita 400 kutoka Mombasa, itapauka vile vile, ijapokuwa haijaguswa na wimbi hata moja. Nchi ile iko juu, yapata mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kadiri mahali palivyo juu ndivyo hewa inavyopunguza kidogo tu ukali wa miale ya jua. Mkosaji ni jua.

Ili jambo hili lifahamike, yafaa kueleza jinsi chombo hiki kinavyoundwa. Faibaglasi ni nyuzi nyembamba za kioo, zilizotandazwa kama mkeka na kuloweshwa gundi ambayo ikikauka huwa ngumu sana. Mashua za namna hii zilianza kuundwa Marekani katika miaka ya 1940. Nje ya nyuzi hizo pana tabaka la gundi iliyotiwa rangi, nalo ndilo ngozi ya mashua. Unene wake ni kama nusu milimita, yaani karibu sawa na ukucha wa mtu. Jua huivunja ngozi hiyo kidogo kidogo, na mtu akipitisha kiganja kikavu juu yake hutoka na unga mweupe kama chaki.

Hapo ndipo wengi hukosea. Hupaka nta juu ya unga ule. Mashua hung'aa siku chache, kisha hupauka tena, na fedha zimekwisha potea. Nta ni kifuniko, si dawa. Kwanza hapana budi kuiosha mashua kwa sabuni na maji yasiyo ya chumvi, kuiacha ikauke, kisha kuisugua kivulini kwa polishi ya kukwaruza, ile watumiayo mafundi wa rangi za motokaa. Isuguliwe sehemu ndogo ndogo kwa kitambaa safi, kwa maana juani polishi hukauka kabla ya kufanya kazi. Ikiwa unga haukutoka, ndipo utumiwe msasa wa maji, namba 1000, kisha laini zaidi, na polishi tena.

Lakini fundi asifurahie msasa kupita kiasi. Rangi ikianza kubadilika, au nyuzi zikianza kuonekana, aache mara moja, maana ngozi imekwisha. Tangu hapo maji yaweza kupenya ndani ya nyuzi, na chombo kimlishacho mvuvi na watoto wake hudhoofika polepole bila yeye kutambua. Nta haitamsaidia tena; itambidi apake ngozi mpya, na gharama yake si ndogo. Kadhalika msasa usitumiwe mkavu, kwa kuwa vumbi lake huwasha ngozi na kudhuru mapafu. Pua na mdomo vifunikwe.

Uso ukirudia kung'aa, nta hupakwa nyembamba, huachwa mpaka ifanye ukungu, kisha hufutwa kwa kitambaa laini. Mara mbili kwa mwaka yatosha kwa vyombo vingi. Isipakwe chini ya mstari wa maji, kwani rangi ya kuzuia viumbe vya baharini haishiki juu ya nta. Wala isipakwe mahali pa kukanyaga, isipokuwa kama mwenye chombo anapenda kuona abiria wake wakianguka.

Mabaharia wa pwani walikuwa na desturi yao tangu zamani: deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, chini ya jahazi, na sifa, mafuta ya papa, kwenye mbao za juu. Mbao hunywa mafuta hayo zisipasuke. Faibaglasi hainywi kitu. Ikipakwa sifa hubaki na harufu na kukusanya vumbi. Lakini desturi moja ya wazee yaifaa faibaglasi pia: chombo kisichosafiri hujengewa banda la makuti. Kivuli hicho, au hata turubai kuukuu, hupunguza kazi ya msasa kwa miaka mingi.