Je, Wajua? Kimshale cha Kaskazini Kinachoamua Kivuli cha Darasa

Pembeni mwa ramani ya jengo huwa kuna kimshale kidogo ambacho wengi hawakitazami. Mteja huulizia vyumba, fundi huulizia vipimo, mkadiriaji huhesabu mifuko ya saruji. Lakini peleka ramani hiyo Piyaya, kata ya wilaya ya Ngorongoro iliyo nyikani jirani na milima ya Gol, na kimshale hicho cha kaskazini ndicho kitakachoamua kama wanafunzi watasomea kivulini au watapigwa na jua la saa tatu asubuhi.

Sababu ni mahali penyewe. Piyaya iko takriban digrii 2 kusini mwa ikweta. Huko jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Mwezi Juni adhuhuri huliona jua likiwa limeegemea kaskazini kwa digrii 25 hivi. Desemba limeegemea kusini kwa digrii 21. Mchoro uliotoka Ulaya huhofia jua la upande mmoja tu. Wa Piyaya lazima uhofie pande zote mbili, na uogope mashariki na magharibi zaidi.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua dirisha lenye kimo cha mita 1.2, na paa lililotokeza nje ya ukuta likiwa usawa wa juu wa dirisha hilo. Kuta ndefu zikitazama kaskazini na kusini, sentimita 60 za paa zinatosha kulifunika dirisha zima kwa kivuli adhuhuri ya Juni, na zinabaki za ziada Desemba. Geuza jengo lilelile robo duara, madirisha yatazame mashariki. Mwezi Machi, zikiwa zimebaki saa tatu kabla jua halijafika utosini, liko digrii 45 tu juu ya upeo wa macho, na paa sasa linatakiwa litokeze mita 1.2. Saruji ni ileile na mabati ni yaleyale, ila darasa limekuwa tanuri.

Jambo hili ni zito kwa sababu majengo mengi ya umma Tanzania, madarasa na zahanati, hujengwa kwa ramani sanifu za serikali: mchoro mmoja kwa viwanja vingi. Mchoro kama huo hauwezi kujua Piyaya iko wapi. Kuta zake zimenyooshwa kufuata kingo za karatasi, si kufuata dunia. Mshale wa kaskazini ndio unaopaswa kubadilika kila unapobadilika uwanja.

Hapo ndipo programu za usanifu zinapoingia. AutoCAD ilitoka Marekani mwaka 1982, mwaka uleule ambao kampuni ya Graphisoft, inayotengeneza Archicad, ilianzishwa Budapest, Hungaria. Revit ilifuata mwaka 2000, ikanunuliwa na Autodesk mwaka 2002. Zote huja na alama tayari: duara lenye pembetatu la kuonyesha mahali jengo linapokatwa na upande wa kutazamia, alama ya usawa wa sakafu, mshale wa kaskazini. Na zote humruhusu msanifu aunde za kwake. Katika AutoCAD alama huhifadhiwa kama kifungu kimoja chenye maandishi yanayojazwa. Archicad ina lugha yake, GDL, ambayo kwayo alama hupewa vigezo: andika pembe ya uwanja, mshale unageuka wenyewe.

Programu hizi pia hutenganisha kaskazini mbili, ya mradi na ile halisi. Ya mradi ni ya kurahisisha uchoraji tu, ili kuta zikae wima kwenye kioo cha kompyuta. Msanifu asipoangalia, mshale hubaki ukielekea juu ya karatasi, na fundi akiufuata kwa uaminifu wake wote anajenga jengo lisilolingana na jua.

Kwa hiyo alama inayofaa Piyaya hubeba zaidi ya mshale. Iongezewe mistari miwili ya jua, wa Juni na wa Desemba, pamoja na upepo. Wilaya hii ina kipimo cha upepo kisicho na kifani: Mchanga Unaohama karibu na bonde la Olduvai, tuta lenye umbo la mwezi mwandamo, la majivu meusi ya volkeno kutoka mlima Oldoinyo Lengai. Tuta hilo huelekea magharibi kwa wastani wa mita 17 hivi kwa mwaka, na njia yake imewekewa vigingi vya miaka. Linasukumwa na upepo wa mashariki, wenye vumbi. Mlango mkuu wa darasa usielekee huko.

Herufi nazo zina mtego. Alama za kigeni huandika herufi moja tu juu ya mshale. Kwa Kiswahili haiwezekani: kaskazini na kusini zote zinaanza na K, mashariki na magharibi zote na M. Neno liandikwe zima.

Uwanjani, simu isiaminiwe peke yake. Dira yake huhisi sumaku, na miamba ya volkeno ya nyanda hizi inaweza kuivuta pembeni. Mti ulionyooka hutosha. Simika mti, weka alama kwenye ncha ya kivuli asubuhi, subiri alasiri kivuli kirudie urefu uleule, weka alama ya pili. Mstari kati ya alama hizo ni mashariki na magharibi. Kivuli cha adhuhuri kisitumiwe kwa kubahatisha: Desemba huangukia kaskazini, Juni kusini, na katikati ya Machi kinakaribia kutoweka.

Halafu kuna karatasi. Ramani huchorwa kwa ukubwa wa A1, lakini nakala inayofika kwa fundi mara nyingi ni A3, ambayo hupunguza kila urefu kwa nusu. Herufi ya milimita 2.5 inakuwa 1.25, na kwenye nakala iliyofifia haisomeki. Alama ya kaskazini ya Piyaya iandikwe kwa herufi za milimita 5, na mistari yake ya jua itofautiane kwa unene na nukta badala ya rangi, kwa kuwa nakala hiyo huchapwa kwa wino mweusi.