Mlima Mmoja, Mvua Mbili

Ndugu msomaji, wewe uliyekulia mwambao wa Tanzania unaujua upepo wa Kaskazi. Ndio uliokuwa ukiyaleta majahazi ya Arabuni, na siku zake za Januari na Februari ni za jua kali na nguo kukauka upesi kambani. Basi huenda ukastaajabu kusikia kwamba upepo huo huo, ukifika Ngazija katika visiwa vya Komoro, ndio mleta mvua.

Kwetu Kaskazi hutokea kaskazini-mashariki. Ukiisha kuvuka Ikweta hupinda kidogo kidogo, na ukaribiapo Komoro huwa unavuma kutoka kaskazini-magharibi, umebeba mvuke mwingi wa bahari yenye joto. Hapo hukutana na Karthala, volkano iliyo hai, yenye kimo cha mita 2,361. Upepo hauna budi kuupanda mlima huo. Hewa ipandapo hutanuka na kupoa, na hewa iliyopoa haiwezi kuchukua mvuke mwingi kama ile ya joto. Umeliona jambo hili jikoni: mvuke wa wali ukigusa kifuniko kilichopoa hugeuka matone.

Kwa hiyo miteremko ya magharibi hupata zaidi ya milimita 5,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara tano ya mvua ya Dar es Salaam. Mji wa Moroni, ulio ufukoni upande huo huo, hupata kiasi cha milimita 2,700. Lakini ng'ambo ya pili hewa hushuka ikiwa imekwisha kumwaga mzigo wake, nayo hupata joto tena. Huko zipo sehemu zisizofikia hata milimita 1,500. Na kisiwa chenyewe hakizidi kilomita 30 kwa upana! Kuanzia Mei zamu huwa ya Kusi, wenye ubaridi na ukavu zaidi, nao hauufidii sana upande wa mashariki.

Ungedhani basi kwamba watu wa magharibi wanaogelea katika maji matamu. La. Ngazija haina mto hata mmoja utiririkao mwaka mzima. Mawe yake ya volkano ni machanga, yamejaa nyufa na vitundu, na mvua huzama ndani mara inapoanguka. Visima vya pwani navyo mara nyingi huwa na chumvichumvi. Ndiyo sababu vijijini watu hukinga maji ya mvua katika mabirika ya saruji, na maisha ya nyumba hutegemea birika hilo. Karthala ilipolipuka Novemba 2005, majivu yaliingia katika mabirika hayo, na maelfu ya watu wakakosa maji safi ya kunywa. Mlima uwapao mvua ndio uliowaharibia.

Nzwani, kisiwa jirani, ni kikongwe zaidi. Mawe yake yamekwisha kuoza yakawa udongo unaoshika maji, na kilele chake cha Ntingui, mita 1,595, kilizaa mito mingi. Lakini misitu ya miteremkoni, iliyokuwa ikinasa ukungu na kuyaachia maji polepole, imekatwa kwa ajili ya mashamba na kuni. Mito mingi iliyokuwa haikauki sasa huonekana wakati wa masika tu, na Kusi ianzapo hubaki mawe matupu.