Kajiado: Mto Mrefu Unaoficha Maji Mchangani

Mgeni anayefika mjini Kajiado mwezi Februari, akaambiwa kwamba jina la mji huu maana yake ni mto mrefu, huenda akadhani anataniwa. Jina limetokana na Kimaa: olkeju ni mto, ado ni mrefu. Neno la karibu yake, enkeju, ni mguu. Hadi serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, baraza lililosimamia sehemu hizi liliitwa Olkejuado. Mto wenyewe, hata hivyo, kwa miezi mingi ni utepe wa mchanga wenye nyayo za mbuzi na punda, na migunga imesimama kingoni.

Maji yapo, ila yako chini.

Kajiado ni nchi kame kiasi. Mvua huja mara mbili, za masika kati ya Machi na Mei na za vuli kati ya Oktoba na Desemba, na zote mbili huweza kukosa. Zikinyesha, hunyesha kwa nguvu na kwa muda mfupi. Maji hushuka mbio kutoka vilimani, mto hujaa kingo hadi kingo, na baada ya saa chache au siku kadhaa umetulia tena. Mtu asiyejua angesema maji yote yamepotea. Sehemu kubwa imepita kweli, lakini nyingine imezama katika mchanga wa mto.

Miamba ya sehemu hii ni ya kale na migumu, ikiwemo marumaru ambayo imechimbwa hapa kwa miaka mingi. Hali ya hewa huivunja polepole ikawa chembe kubwa za mchanga, na mafuriko huzikokota hadi mtoni. Chembe kubwa huacha nafasi kati yao, na humo ndimo maji hukaa. Mchanga wa namna hiyo ukishiba, takriban robo ya ujazo wake ni maji yanayoweza kutekwa. Mwamba ulio chini huyazuia yasiendelee kuzama. Juu, mchanga wenyewe huwa kifuniko: maji yakishuka zaidi ya sentimita 60 hivi, jua haliyapati ila kidogo sana. Silanga lililo wazi, kinyume chake, hupoteza maji kila siku ya jua kali.

Wafugaji wa Kimaasai waliyajua hayo kabla ya mhandisi yeyote kufika. Mwezi wa kiangazi huonekana visima vya mchangani vimechimbwa katikati ya mto, vimezungushiwa matawi ya miiba ili ng'ombe wasivitumbukie, na kando yake pana hori la kunyweshea. Kisima kina mwenyewe, yaani aliyekichimba pamoja na jamaa zake, na ndiye anayepanga zamu za mifugo. Mpita njia mwenye kiu hapangwi zamu. Yeye hupewa maji ya kunywa. Kina mama na wasichana hufika alfajiri na punda wao, kila punda na mitungi yake ya lita 20, kwa sababu maji hujikusanya usiku na asubuhi kisima huwa na maji mengi na safi zaidi. Mara nyingi umbali wa kisima ndio unaoamua msichana ataingia darasani saa ngapi.

Leo mji una mambo mengine ya kuutegemeza. Reli ya kutoka Konza kwenda Magadi, iliyojengwa zaidi ya miaka 100 iliyopita kwa ajili ya kusafirisha magadi, ilipitia hapa. Ofisi za serikali zilifuata, kisha maduka na shule. Barabara kuu ya Nairobi hadi Namanga huleta malori usiku na mchana, na ng'ombe wanaouzwa Ilbissil hupita humo wakielekea vichinjioni. Mijini kuna maji ya bomba na ya visima virefu vilivyochimbwa kwa mitambo, ingawa baadhi ya visima hivyo hutoa maji ya chumvi au yenye floridi nyingi, inayoharibu meno ya watoto. Nje kidogo ya mji, mchanga bado ndio tangi.

Na tangi hilo linauzwa.

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kaunti ya Kajiado. Ile ya 2019 ilihesabu 1,117,840. Wengi wa walioongezeka wako Kitengela, Ngong na Ongata Rongai, na kila nyumba inayojengwa huko, au Nairobi, inahitaji mchanga. Kwa kijana aliyeona ng'ombe wa babake wakifa katika ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ikikosa mfululizo, koleo na lori ni riziki ya siku hiyohiyo. Si haki kumwita mharibifu kisha kumwacha hapo. Lakini hesabu yake inafaa ifanywe mbele yake.

Tuseme lori limebeba mita 10 za ujazo za mchanga. Lori hilo limeondoa nafasi ya kuhifadhi lita 2,500 za maji, yaani mitungi 125 ya lita 20. Ng'ombe mmoja mkubwa akinywa lita 30 kwa siku ya joto, hayo ni maji ya ng'ombe zaidi ya 80 kwa siku moja. Tena hasara si ya mara moja, kwani nafasi ile ingejazwa upya kila mto unaposhuka. Mchanga ukiisha hadi mwamba, mafuriko hupita juu ya jiwe tupu na kukata kingo. Migunga huanguka, na aliyekuwa akichimba kisima cha urefu wa mtu mmoja sasa anahitaji ngazi. Mafuriko yanayofuata huleta mchanga mwingine, ndiyo, lakini si kwa mwendo wa malori.

Ugomvi mkubwa hutokea kati ya majirani. Ranchi nyingi za vikundi, zilizoundwa chini ya sheria ya 1968, zimegawanywa na kila familia ikapata hati yake. Mwenye shamba linalopakana na mto huona mchanga ulio mbele yake kuwa mali yake, na jirani wa chini, ambaye hakuuza hata koleo moja, huona kisima chake kikikauka. Hapa sheria ina neno: kwa mujibu wa Sheria ya Maji ya 2016, rasilimali za maji hazimilikiwi na mwenye shamba bali hushikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Miongozo ya kitaifa ya uchotaji mchanga, iliyotolewa na NEMA mwaka 2007, inataka kazi hiyo ifanywe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, isikaribie daraja, barabara au reli ndani ya mita 100, na akiba ya kutosha iachwe mtoni. Jirani zetu wa Makueni walikwenda mbali zaidi na kupitisha sheria yao ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015.

Huko Ukambani pia ndiko mabwawa ya mchanga yameenea zaidi. Ukuta wa zege au mawe hujengwa kukatisha mto, ukisimama juu ya mwamba. Mafuriko ya misimu michache huujaza mchanga kwa nyuma, na mchanga hujaa maji. Mahali pakichaguliwa vibaya, penye udongo mwingi wa mfinyanzi au mwamba wenye nyufa, ukuta hubaki pambo tu. Ndiyo maana wazee wanaojua mahali visima havikauki wanafaa kuulizwa kabla ya saruji kununuliwa.

Mkaazi anayeona malori mtoni usiku, au karibu na daraja, anaweza kupeleka habari kwa chifu, kwa msimamizi wa wadi, kwa NEMA au kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Husaidia sana kutaja mahali, saa na nambari ya gari. Vyama vya watumiaji wa maji, vinavyojulikana kama WRUA, hupokea wanachama kutoka pande zote mbili za mto na kutoka juu hadi chini, wakiwemo wale wanaouza mchanga.