Kariba: Umeme wa Migodi na Madai ya Watonga

Kwa sehemu kubwa ya mwendo wake wa kati, mto Zambezi ndio mpaka kati ya Zambia na Zimbabwe. Katika korongo la Kariba mto huo umezuiwa na ukuta wa zege wenye kimo cha mita 128, na nyuma ya ukuta huo limetandaa ziwa lenye urefu wa kilomita zipatazo 280. Ustadi wa wahandisi wa Kariba umesifiwa sana, na unastahili sifa. Lakini Watonga wapatao 57,000 waliohamishwa ili maji yapate nafasi hawakutajwa sana katika sifa hizo.

Mradi huo ulikuwa wa Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, dola ya walowezi iliyoundwa mwaka 1953 na kutawaliwa kutoka Salisbury. Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, ilipendelea bwawa dogo zaidi katika mto Kafue. Mwaka 1955 Shirikisho likaamua kujenga Kariba, na mwaka 1956 Benki ya Dunia ikatoa mkopo wa dola milioni 80. Umeme ulitakiwa na migodi ya shaba upande wa kaskazini na viwanda upande wa kusini. Kituo cha kwanza cha mitambo kilijengwa ukingo wa kusini. Kile cha kaskazini kilisubiri hadi miaka ya 1970, Zambia ikiwa imekwisha kujitawala.

Watonga wa Bonde la Gwembe hawakuulizwa. Maisha yao yalitegemea kupanda na kushuka kwa mto. Wakati wa masika walilima mashamba ya juu. Mafuriko yalipopungua na kuacha tope lenye rutuba ukingoni, walipanda tena, wakapata mavuno ya kiangazi. Humo bondeni yalikuwamo pia makaburi ya wazee wao na mahali pao pa kuombea mvua.

Watu wa Chifu Chipepo waliambiwa kwanza kwamba watahamia mahali pa karibu. Baadaye kina cha ziwa kikaongezwa katika mipango, na ardhi waliyoahidiwa ikaonekana kuwa nayo itafunikwa. Ndipo walipoamriwa kwenda Lusitu, karibu kilomita 160 kutoka kwao, chini ya bwawa. Walikataa. Gavana, Sir Arthur Benson, alikwenda mwenyewe kuzungumza nao, wasikubali. Serikali ya kikoloni ilitupa lawama kwa wanasiasa wa African National Congress, kana kwamba mtu huhitaji mwanasiasa ili apende nyumba yake.

Tarehe 10 Septemba 1958, katika kijiji cha Chisomo, kikosi cha polisi chenye bunduki kilikabiliana na wanakijiji wenye mikuki. Risasi zikapigwa. Wanakijiji wanane waliuawa na zaidi ya 30 walijeruhiwa. Kisha waliobaki wakapakiwa katika malori pamoja na vyombo vyao. Polisi wale hawakupanga kina cha ziwa, wala si wao waliotoa ahadi iliyovunjwa. Lakini wakubwa waliopanga walikuwa mbali, katika ofisi zao, na waliobaki kutazamana na wenye nyumba ni polisi. Jambo lililoshindwa kwa maneno lilikabidhiwa kwao limalizwe kwa silaha.

Huko Lusitu maji yalikuwa haba, na wenyeji walikuwa wamekwisha kutangulia. Mwaka 1959 maradhi ya ghafla yaliua wanawake na watoto 56 miongoni mwa wahamiaji, na chanzo chake hakikuthibitishwa.

Malango ya bwawa yalifungwa mwezi Desemba 1958. Maji yalipopanda, mashua zilitumwa kuokoa wanyama wa porini waliokwama visiwani, na maelfu yao wakaokolewa. Kazi hiyo ilivuma katika magazeti ya Ulaya kuliko habari za Chisomo.

Ziwa lenyewe lilileta riziki mpya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 dagaa waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika, wakazaana kwa wingi. Lakini kuwavua katika maji yenye kina kunahitaji mitumbwi mikubwa yenye taa na mtaji wa kutosha, na faida kubwa imekwenda kwa wenye mtaji, si kwa wanavijiji waliopoteza mashamba yao.

Kwa miongo mingi nyaya za umeme wa Kariba zilikwenda kwenye migodi na miji, huku vijiji vingi vya Watonga, Gwembe na Binga, vikiwasha vibatari. Watu walioondoshwa kwa ajili ya maji mengi wamekaa katika ardhi ya ukame, wakitegemea mara kwa mara chakula cha msaada. Mwishoni mwa mwaka 2022 maji ya ziwa yalipungua mno hata kituo cha kusini kikaamriwa kusimamisha uzalishaji, na ukame wa mwaka 2024 ukaziingiza Lusaka na Harare katika giza la saa nyingi kila siku. Serikali zote mbili sasa zinazungumzia bwawa jingine, Batoka, katika mto huohuo juu ya Kariba.