Wavu katika vitabu vya hekima na vya unabii

Katika mwalo wa Kirumba, Mwanza, hakuna anayehitaji kuelezwa wavu ni nini. Wanaotega makila kwa ajili ya sangara na wanaovua dagaa usiku kwa mwanga wa taa wanajua ni samaki gani atanaswa na yupi atapenya. Maandiko ya kale ya Wayahudi yamejaa nyavu, na msomaji wa ufukweni huzielewa upesi. Upesi huo una faida, lakini pia una hatari.

Tutenganishe kwanza maneno matatu. Taswira ni kitu kinachoonekana, kinachotumiwa kusema jambo lisiloonekana. Ufasiri ni kutafuta mwandishi aliwaambia nini wasikilizaji wake kwa taswira hiyo. Matumizi ni kulihusisha neno hilo na maisha yetu. Matumizi huja baada ya ufasiri, na makosa mengi huanzia pale mtu anapoliruka hilo la katikati.

Tuanze na hekima. Mhubiri, katika mlango wa 9, anamlinganisha binadamu na samaki aliyenaswa: wakati mbaya humwangukia ghafla, asijue saa yake. Wavu huo hauna mwenyewe. Hautajwi mfalme wala taifa, na samaki hana kosa lolote. Hekima husema juu ya watu wote kwa kutazama jinsi mambo yanavyokwenda, kwa hiyo kuuliza huyo mvuvi ni dola gani ni kudai jibu la swali ambalo kitabu hakikuliuliza. Watu wa Usukuma hawapati shida kuelewa hili. Kamati ya utafiti wa utamaduni ya Bujora, karibu na Kisesa, pamoja na mapadri Joseph Healey na Donald Sybertz, ilikusanya methali za Kisukuma ikieleza na nafasi zinapotumika, kwa kuwa methali iliyoondolewa kwenye nafasi yake hupotosha.

Kwa Habakuki mambo hubadilika. Mwishoni mwa karne ya 7 kabla ya Kristo Wakaldayo wa Babeli walikuwa wakiinuka, na nabii analalamika kwa Mungu kwamba mataifa yamekuwa kama samaki wasio na mtawala. Sasa wavu una mwenyewe, na mwenyewe anautolea sadaka na kuufukizia uvumba, kwa sababu ndio unaomshibisha. Hapa mvuvi ndiye mwovu. Msomaji anayeishi kwa uvuvi hushtuka kidogo, na mshtuko huo unamfaa: anajua mtu anavyoweza kukitegemea chombo chake cha kazi mpaka akasahau kila kitu kingine. Nabii anaishutumu dola inayoabudu nguvu zake yenyewe. Uvuvi ameutumia kama picha tu.

Ezekieli ndiye anayetufundisha zaidi, kwa kuwa mara nyingine huyafumbua mafumbo yake mwenyewe. Katika mlango wa 17 anaagizwa kutega kitendawili na kusema mithali, zana zilezile za wenye hekima. Anasimulia tai wawili, mwerezi na mzabibu, kisha anafafanua: tai wa kwanza ni mfalme wa Babeli, aliyekwisha kumchukua mfalme wa Yerusalemu mwaka 597, na mzabibu ni mfalme aliyewekwa mahali pake, Sedekia, aliyeigeukia Misri. Wavu utakaomnasa Sedekia ni wa Mungu mwenyewe. Nabii akishafafanua hivyo, msomaji hana ruhusa ya kuwatafuta tai wale miongoni mwa mataifa ya leo.

Kuna mahali ambapo ufafanuzi haukutolewa waziwazi. Katika mlango wa 26 Ezekieli anatabiri kwamba Tiro, mji tajiri wa biashara katikati ya bahari, utakuwa mahali pa kutandaza nyavu. Hiyo ni hukumu: wafanyabiashara wamekwisha, umebaki mwamba mtupu. Katika mlango wa 47, ndani ya maono aliyoyaweka katika mwaka wa 25 wa uhamisho, yaani 573, nyavu zinatandazwa tena, safari hii kuanzia En-gedi, kando ya Bahari ya Chumvi isiyo na samaki. Hiyo ni baraka. Tendo ni lilelile. Kilichogeuza maana ni hali ya mahali pale kabla nyavu hazijafika.

Maono hayo yana jambo jingine dogo ninalolipenda. Maji yatokayo hekaluni yanaiponya bahari, ila madimbwi na mabwawa yanaachwa na chumvi yake. Wengine huona humo mabaki ya laana. Lakini sadaka za hekalu zilitiwa chumvi, na anayetengeneza kayabo anajua kwamba mavuno ya samaki bila chumvi huoza. Nadhani usomaji huu wa pili unakaa vizuri zaidi katika sura inayohesabu riziki.

Je, Ezekieli 47 ni ahadi kwamba samaki watarudi Ziwa Victoria? Ufasiri unajibu hapana: maneno yalielekezwa kwa watu waliopoteza nchi na hekalu. Matumizi, hata hivyo, yapo, ila yaitwe matumizi. Nabii hasemi tu kwamba samaki watakuwa wengi. Anasema watakuwa wa namna mbalimbali. Sangara waliingizwa katika ziwa letu katika miaka ya 1950, na walipoongezeka sana katika miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilitoweka. Mhubiri wa Igombe au Kayenze akilisimamia neno hilo la namna mbalimbali, hatakuwa amempa Ezekieli maneno ambayo hakuyasema.