Karo ya mwaka wa kwanza isitupumbaze

Kila matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, mazungumzo katika vijiji vyetu vya Kabuchai hugeukia vyuo vikuu vya nchi za kigeni. Kutoka soko la Chwele hadi Bungoma mjini, na hata huko Kitale, utawasikia wazazi wakijadili barua walizoandikiwa wana wao. Mmoja ameitwa Kanada, mwingine Uingereza, na wa tatu Mbale, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Uganda. Huyu wa Mbale mzazi wake humtaja kwa sauti ya chini, kana kwamba ana jambo la kuficha. Mimi ni mwalimu, na nathubutu kusema kwamba haya hiyo haina msingi.

Si nia yangu kuvikejeli vyuo ghali. Vingi vina maabara na maktaba ambazo sisi huzitamani tu. Ninalolalamikia ni hesabu yetu. Tumezoea kuuliza karo ya mwaka wa kwanza, ilhali shahada huchukua miaka mitatu, minne au zaidi. Mchango hufanywa, ng'ombe huuzwa, na kijana husindikizwa kwa nyimbo na vigelegele. Mwaka wa pili unapobisha hodi, waliochanga wamekwisha kurudi kwenye shida zao wenyewe. Hapo ndipo shamba la muwa linapoanza kuuzwa, kipande baada ya kipande.

Hebu tutazame mambo yalivyo. Mnamo Januari 2024, Kanada ilipandisha kiasi cha fedha za matumizi ambacho mwanafunzi wa kigeni aliye peke yake hutakiwa kuonyesha, kutoka dola 10,000 za nchi hiyo hadi 20,635 kwa mwaka, mbali na karo na nauli. Ujerumani husifiwa kwa kuwa vyuo vyake vingi vya umma havitozi karo. Hata hivyo, tangu Septemba 2024 mwanafunzi anayeomba viza ya huko hutakiwa kuthibitisha kuwa ana yuro 11,904 za kumkimu kwa mwaka mmoja. Naye mzazi anayedhani mwanawe atajilipia karo kwa vibarua vya Marekani akumbuke kwamba, wakati wa masomo, viza ya mwanafunzi haimruhusu kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa juma, tena kwa kawaida ndani ya chuo.

Isitoshe, tunao mfano wa majirani zetu. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret, kwa sababu vijana waliokuwa wamepelekwa Finland na Kanada kupitia mpango wa kaunti walikuwa wakidaiwa karo, ingawa wazazi hao walikuwa wametoa fedha. Nani wa kulaumiwa ni suala la mahakama. Funzo langu ni kwamba barua ya kuitwa chuoni haimtoshi mtu ambaye hajui atakayelipa mwaka unaofuata.

Na je, wale wa Mbale? Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda, kilichoanza mwaka 1988 na kinachopokea wanafunzi wa dini zote, kina makao yake huko. Chuo Kikuu cha Busitema, ambacho ni cha umma, kina kitivo chake cha afya katika mji uo huo. Kijana wa Chwele hupitia Lwakhakha akiwa na kitambulisho chake cha taifa, akafika kwa watu ambao lugha yao, Lumasaaba, ni ndugu ya Lubukusu. Akiugua, mama yake atamfikia siku hiyo hiyo.

Wala historia haiwadharau waliosoma karibu. Marehemu Mwai Kibaki alianzia Makerere, kisha akaenda London kwa ufadhili. Marehemu Wangari Maathai alipokwenda Marekani mwaka 1960, alisoma katika chuo kidogo katika mji wa Atchison, Kansas. Udogo wa chuo hicho haukumzuia kutuzwa Nishani ya Amani ya Nobel mwaka 2004.

Hata hivyo, urahisi wa karo pekee si sifa. Kuna vyuo vya bei nafuu ambavyo shahada zake zitamtesa mwenye nazo. Kwa hiyo, walimu wenzangu, kabla ya kumpongeza mwanafunzi aliyepata barua, tumwulize maswali matatu. Kwanza, gharama zote hadi siku ya kuhitimu ni kiasi gani? Pili, ni nani atakayelipa kuanzia mwaka wa pili, na ahadi yake imeandikwa wapi? Tatu, je, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu itaitambua shahada hiyo, na ikiwa ni ya udaktari, uhandisi au sheria, bodi ya taaluma hiyo inasemaje?

Tuwaonye pia kuhusu ufadhili wa nusu. Tuseme chuo kinatoza dola 30,000 kwa mwaka, nacho kimemsamehe mwanafunzi nusu yake. Bado anadaiwa 15,000. Mwenzake aliye katika chuo cha dola 3,000, ambaye hakusamehewa hata senti, analipa moja kwa tano ya hizo. Lakini ufadhili ukiwa kamili, ukataja kwa maandishi miaka yote ya masomo, basi kijana na aende, hata chuo kiwe ghali namna gani.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Nanyi wanafunzi, mnapopima barua zenu, kumbukeni kwamba nyuma yenu kuna wadogo zenu walio bado katika shule za msingi na za upili. Karo yao nao inatoka katika shamba lilo hilo moja.