Mawe Yayeyushwayo na Mvua

Mkazi wa Juba atazamapo Jebel Kujur, magharibi ya mji, huona mwamba mgumu ambao mvua huuparua tu. Lakini saruji ya nyumba yake, ambayo aghalabu huletwa kwa malori kutoka Uganda kupitia Nimule, asili yake ni mawe ya tabia nyingine kabisa, yaani mawe ya chokaa.

Mvua, ipitapo hewani na katika udongo, huchukua hewa ya kaboni ikawa tindikali hafifu, nayo, ikijipenyeza katika nyufa za mawe hayo dahari baada ya dahari, huzipanua hata zikawa mapango na mito ya chini kwa chini, hali juu ya ardhi hakuna hata kijito.

Mapango ya Amboni, karibu na Tanga, ni shahidi bora: matone yadondokayo darini huacha chokaa kidogo kidogo, mpaka nguzo zikashuka kutoka juu, nyingine zikainuka kutoka chini, zikakutana. Wenyeji hutambikia humo, wala sioni ajabu. Huko Mangapwani, Unguja, maji yamechimba pango katika mawe ya matumbawe, na ndani yake watu waliteka maji matamu.